Kidole Kidogo cha Mama Taipu

Kidole kidogo cha mkono wa kulia wa Mama Taipu kilikuwa na kazi yake, na hakikuwahi kuomba ruhusa ya kuifanya. Kwenye ile taipureta ya umeme aliyoipiga miaka ishirini na sita katika ofisi ya ardhi, mstari ulipokaribia kwisha kengele ililia, ting, na kidole kikajinyoosha chenyewe, kikabonyeza kitufe kikubwa cha pembeni, kigari kikarudi mwanzo wa mstari kwa kishindo. Huenda wakati huo anapiga miayo, au anajibu salamu, au anamkumbuka marehemu mumewe. Kidole hakikukosea hata siku moja. Watu wa masijala, chumba cha pili, walikuwa wakisema kishindo kile ndicho saa yao.

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye faili la utumishi na si pengine. Hata Bosi alimwita Mama Taipu, naye aliitika kwa fahari, kwa sababu si kila mtu anaitwa kwa kazi anayoiweza. Barua yake haikuwa na alama ya kufutwa. Pambizo zilinyooka, nakala ya kaboni ilisomeka mpaka ya tatu, na chini kabisa upande wa kushoto, baada ya mkwaju, ule mstari wa mshazari, zilikaa herufi mbili ndogo za mwanzo wa majina yake. Huo ndio utaratibu wa wapiga chapa. Barua ni ya bosi, sahihi ni ya bosi, ila zile herufi mbili zinasema ni mkono wa nani ulioipiga. Watu wengi hawazioni kabisa. Yeye, akishika barua yoyote, alianza kuzitazama hizo.

Basi zikaja kompyuta. Zilifika sita, ndani ya maboksi, pamoja na waraka kutoka makao makuu: makarani na wapiga chapa wote watafundishwa wiki nane, kisha watafanya mtihani. Atakayefaulu ataendelea na meza yake. Atakayeshindwa atapumzishwa kwa manufaa ya ofisi. Ukisoma maneno kama hayo unaweza kudhani mtu atapewa godoro. Wote waliyaelewa.

Mama Taipu alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu, na hiyo minne ndiyo aliyoitaka. Hakutaka cheo wala sifa. Alitaka kuondoka kwenye meza ile siku ambayo umri wake ungesema ondoka, asiondolewe na mtu.

Walisomea chumba cha mikutano, kila siku baada ya chakula cha mchana, wakati ambao macho ya mtu mzima yana mambo yake mengine. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, umri wa kitinda mimba wa mtu, mwenye adabu, anayeamkia kila mwanafunzi kabla ya kumsahihisha. Siku ya kwanza alitangaza kwamba leo watajifunza kushika panya, na mzee wa masijala akasema panya wa masijala wameshindikana kwa mitego na dawa, labda sasa watakamatwa kwa semina. Tangu hapo kijana wa watu akawa Mwalimu Panya, hata Bosi akimtafuta anauliza, "Panya yuko wapi?"

Kiti cha jirani alikaa Binti wa Mapokezi. Huyu aliandika kwa vidole viwili, akidonoa kama kuku, lakini alikuwa amekua na simu mkononi na kila alichoonyeshwa alikiona cha kawaida. Mama Taipu aliandika kwa vidole vyote kumi, mgongo wima, macho ukutani, kama alivyofundishwa usichanani: mpiga chapa haangalii mikono yake wala anachokiandika. Hakuna aliyemfikia kwa kasi. Tatizo lilikuwa kile kidole.

"Mama, usibonyeze enta mwisho wa mstari," Mwalimu Panya alimwambia. "Maneno yatashuka yenyewe."

"Nani atayashusha?"

"Yenyewe tu, mama."

Akakubali, akaandika, na kidole kikabonyeza. Kengele haikuwepo kwenye mashine, lakini ilikuwa imehamia kichwani mwake, na baada ya idadi fulani ya herufi ililia, ting. Barua zake zikatoka zimevunjikavunjika. Binti wa Mapokezi akacheka mpaka akaomba radhi.

Alikuwa na daftari la mafunzo, na humo aliandika kwa hati mkato, ile ya vijistari na vinukta ambayo ofisi nzima hakubaki wa kuisoma ila yeye. Aliandika mafunzo, kisha akaanza kuandika mawazo. Siku moja aliandika kwamba kompyuta haina harufu, na ofisi isiyonuka wino inamfanya ajihisi yuko kwa watu, si kwake. Siku nyingine aliandika jambo lililomnyima raha wiki nzima. Kwenye karatasi, kosa linabaki na kovu; ukifuta, anayesoma anaona umefuta. Huku kwenye kompyuta kosa linafutika lisionekane. Basi barua ya hodari na barua ya mzembe zinatoka sawasawa. Miaka yote ile ya kujifunza kutokosea, aliandika, sasa haina wa kuiona.

Kisha wakafundishwa intaneti. Mwalimu Panya aliwaambia humo kuna kila kitu duniani, kila mmoja atafute apendacho. Binti wa Mapokezi akatafuta viatu. Mama Taipu aliandika jina la mumewe, aliyekuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi na kuvitembea kwa miguu viwanja vyote ambavyo ofisi ile iliviandikia hati. Likatokea jina kama lake, la mtu anayeuza matairi. Akaandika jina lake mwenyewe, lote, kama lilivyo kwenye faili la utumishi. Skrini ikamjibu kwamba hakuna kilichopatikana.

"Mwalimu, hii maana yake nini?"

Kijana aliinama, akasoma. "Maana yake hupo, mama." Darasa likaangua kicheko, naye akababaika. "Hupo kwenye mtandao, namaanisha. Wewe mwenyewe upo."

Mama Taipu alicheka pamoja nao. Jioni, nyumbani, aliacha chakula nusu. Aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, ambaye alimsikiliza huku akitoa pini mdomoni moja moja.

"Dada, hata mimi simo humo, na nguo za watu nazishona."

"Wewe cherehani yako bado unayo."

Mdogo wake akamwuliza kuhusu kidole, maana habari za kidole zilikuwa zimeshakuwa wimbo pale nyumbani, akaenda kuchukua plasta ya vidonda. Alikizungushia kile kidole mara mbili, kisha akaandika juu yake kwa kalamu ya kuchorea vitambaa: ACHA.

Ikafanya kazi. Usinicheke, ilifanya kazi. Kengele ikilia kichwani, kidole kikajinyoosha, kikaona uzito na ukwaruzaji wa ile plasta, kikasita. Wiki ya sita barua zake zilikuwa zimenyooka. Wiki ya saba alikuwa wa kwanza darasani, na Mwalimu Panya akamwambia mbele ya wote, "Mama, wewe ukifeli mimi naacha ualimu." Usiku ule alilala vizuri, naye alikuwa hajalala vizuri tangu maboksi yaletwe.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka makao makuu, mama mkavu, mtu wa kanuni, aliyepita meza hadi meza akikagua mikono yao kama ya wanafunzi wa chekechea. Alipofika kwa Mama Taipu akasimama.

"Hiyo nini?"

"Plasta."

"Imeandikwa."

"Imeandikwa acha."

"Uache nini?"

Mama Taipu akaanza kueleza, taipureta, kengele, kigari, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikika kama mtu anayetunga. Nyuma mtu akaguna kwa kicheko. Mwalimu Panya, kutoka mlangoni, akasema, "Ni kweli, mheshimiwa." Msimamizi alimtazama, kisha akakitazama kidole.

"Maandishi hayaingii chumba cha mtihani. Ibandue."

Akaibandua. Ngozi chini yake ilikuwa imesinyaa na kuwa nyeupe. Msimamizi akaitupa plasta kwenye kapu la takataka, akaenda meza ya pili.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kuchagua majibu, na Mama Taipu aliimaliza mapema, hana wasiwasi hata na moja. Sehemu ya pili ilikuwa swali moja lenye nusu ya alama zote: eleza ulichojifunza kuhusu kompyuta na intaneti. Chini yake palikuwa na kisanduku chembamba, kirefu. Mama Taipu nusura acheke. Swali hilo alikuwa akilijibu kwenye daftari lake wiki nane. Akanyoosha mgongo, akainua macho ukutani, akaanza.

"Nilipoanza mafunzo haya nilidhani nimechelewa, lakini"

Ting, kichwani. Kidole kikajinyoosha, hakikukuta plasta, kikabonyeza.

Naye akaendelea. Hilo ndilo linaloniuma nikilisimulia: akaendelea. Macho yake yalikuwa ukutani, penye doa la unyevu, kama macho ya mpiga chapa yanavyopaswa kuwa. Aliandika habari ya kosa lisilo na kovu. Aliandika habari ya mumewe na mwuza matairi. Aliandika kwamba ameogopa, na kwamba hofu imepungua, na kwamba anaamini bado anaweza kuifaa ofisi miaka minne, akieleza vipi, jambo baada ya jambo, kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho mle ndani hakuna mwingine angeweza kukiandika. Zaidi ya nusu saa vidole vilinyesha juu ya kibodi. Msimamizi alimtazama mara mbili, akaridhika kwamba yule mama wa plasta kumbe anajua kazi. Binti wa Mapokezi aliona. Alifungua kinywa, msimamizi akainua kidole, naye akafunga kinywa.

Mama Taipu alipoweka nukta ya mwisho ndipo akateremsha macho. Skrini ilikuwa nyeupe. Katikati palikuwa na maneno: Asante. Majibu yako yamepokelewa.

Alidhani ni maneno ya kumaliza. Akageuka amwonyeshe Binti wa Mapokezi, akamkuta analia.

Mwalimu Panya alimwangukia msimamizi, na si kwa mfano. Alipiga magoti pale kwenye sakafu ya chumba cha mikutano. "Mheshimiwa, kidole kimebonyeza enta kwenye mstari wa kwanza, mashine ikadhani amemaliza. Mengine yote ameyaandika. Sote tumemsikia."

"Nionyeshe alipoyaandika."

Kijana akaigeukia ile skrini nyeupe.

"Mimi si kwamba sina huruma," msimamizi alisema, na sauti yake kweli ililegea. "Mashine imeshapokea. Siwezi kuifungua, na hata makao makuu hawawezi."

Taipureta ingekuwa na utepe wa wino. Ukiuvuta utepe nje unasoma kila herufi iliyopita, hata ile uliyojuta. Mama Taipu alilisema hilo kwa sauti ndogo, wala hakulisema kwa yeyote. Halafu akaomba ruhusa ya kuchukua kitu kwenye kapu, akaichukua plasta yake.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Sehemu ya kwanza alipata zote. Sehemu ya pili palisomeka: mtahiniwa hakumaliza sentensi. Alama zilizohitajika alizikosa. Mwalimu Panya hakuacha ualimu, na hakuna aliyemdai kiapo chake. Alikuwa amekwisha kuhamishiwa ofisi nyingine, kwa wapiga chapa wengine.

Asubuhi moja Binti wa Mapokezi alikuja mezani kwa Mama Taipu, akasimama, akaondoka, akarudi.

"Mama, Bosi kanipa barua niiandike. Amesema iwe nzuri. Mimi barua za hivi sijawahi."

"Kwani ya nani?"

Binti akaanza kurudi kwenye meza yake. Mama Taipu akavaa miwani, akamfuata hadi kwenye kompyuta, akaisoma barua yake ya kupumzishwa ikiwa kwenye skrini, kistari cha kuandikia kikiwaka na kuzimika mwisho wa aya ya pili. Aliisoma mara moja kama mhusika. Akashika mgongo wa kiti. Kisha akaisoma mara ya pili, na mara hiyo akaona kazi mbovu.

"Tarehe haikai huko, isogeze kulia," akasema. "Hapa umeweka mkato ambao hauna kazi. Na usiandike 'tunasikitika sana'. Ofisi haisikitiki sana. 'Tunasikitika' inatosha."

Binti akafanya kila alichoambiwa, makamasi yakimtiririka. Makosa yakafutika, mahali pake pakabaki peupe.

"Sasa weka pambizo. Pana kidogo. Hivyo. Shuka chini ya nafasi ya sahihi ya Bosi, upande wa kushoto. Umesahau kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Mkwaju. Halafu herufi zako mbili, ndogo."

"Zangu?"

"Si wewe uliyeipiga?"

Binti aliziandika kwa kidole kimoja, akizitafuta. Mama Taipu alisubiri mpaka ya pili ilipotokea, akazitazama, akaitazama barua yote kutoka juu.

"Imekaa," akasema.

Akarudi kwenye kiti chake kuisubiri, kwa kuwa barua haipokelewi kabla haijatiwa sahihi.