Baiskeli Iliyopimwa kwa Kwapa

Mikono yangu ni ya baba. Ni mirefu kiasi kwamba majirani zetu wa Qurus walinitania ati naweza kuchuma mbaazi bila kuingia shambani. Miguu nilichukua ya mama, na mama ni mfupi. Hakuna aliyeona ubaya wa mchanganyiko huo mpaka baba alipopata baiskeli.

Alikuwa akitunza bustani kwenye hoteli moja ya wageni, upande wa Ngorongoro. Wageni waliomaliza safari yao waliacha baiskeli mbili, wakamwambia baba achague moja, nyingine ya mlinzi. Zilikuwa za mbio za matope: unaendesha, unashuka, unabeba baiskeli begani, unavuka mtaro, unapanda tena. Mbio hizo ndizo nilizokuwa nikishiriki kwa baiskeli za kuazima, na baba alijua. Akapima kama tunavyopima huku kwetu. Unaweka siti kwapani, unanyoosha mkono, kidole kikifika pale krenki, vile vyuma viwili vinavyoshika pedeli, zinapoungana, baiskeli ni yako. Mimi sikuwapo, kwa hiyo akapima kwa mkono wake, maana si mikono yetu ni sawa? Akachukua kubwa. Ndogo ilikwenda na mlinzi hadi kwao Digodigo, na barabara ya huko mnaijua: mbali na mbovu, hakuna wa kuifuata wabadilishane.

Niliipenda siku moja tu. Nikisimama katikati yake, bomba la juu la fremu lilinifikia pabaya. Krenki zilikuwa ndefu mno. Kila mzunguko goti lilipanda karibu na mbavu, na pedeli ikiwa chini niliitafuta kwa ncha ya kidole. Masika yalipoanza magoti yalikuwa yamevimba. Nilimweleza baba.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema, akaendelea kunywa chai.

Jibu nilikuwa nalo. Heshima ikanizuia, nikaiburuta baiskeli nje. Nilimchukia, nisiseme uongo. Kocha alikuwa anakuja kutoka Arusha kuchagua, kwa mbio moja, wasichana watatu wa kwanza waende kambini, na mwakani ningekuwa nimepita umri. Baada ya hapo ni jembe, na hilo ndilo kweli nisingelichagua.

Nikaenda kwa fundi, Karatu mjini. Akanipandisha juu ya baiskeli, akatazama magoti yangu yakipanda na kushuka, akasikitika.

"Dada, krenki ni za mtu mrefu, na fremu ni ya mtu mrefu. Krenki nitabadilisha. Fremu siwezi kuikata."

"Fupi unazo?"

"Sina. Tafuta kwenye baiskeli za Kijapani, zile za kina mama."

Nyumbani ilikuwepo moja. Mama aliipenda kuliko kitanda chake. Ndiyo iliyompeleka mashineni na mahindi, ndiyo iliyompeleka kanisani. Sikuthubutu kuomba. Nilikaa jikoni nikiyakanda magoti kwa maji ya moto, nalia bila kujificha. Mama akatoka nje, akarudi akiikokota baiskeli yake.

"Miguu hiyo nimekupa mimi," akasema. "Chukua na vyuma vyake."

Fundi akazihamishia krenki zake kwenye baiskeli yangu. Siku ya mbio mvua ilinyesha tangu alfajiri. Udongo wetu mwekundu ukilowa unashika magurudumu kama ugali unavyoshika sufuria, lakini magoti hayakuuma. Nilipanda kilima nikiwa wa tatu na nikabaki wa tatu, nikimwomba Mungu kwa sauti, sijui kwa Kiiraqw au Kiswahili. Ukabaki mtaro wa mwisho. Nikavusha mguu nishuke, mguu ukagonga siti, ule mwingine ukatafuta ardhi na ardhi haikuwepo. Niliangukia mtaroni, baiskeli juu yangu. Wawili wakanipita. Nilipofika mwisho kocha alikuwa ameshaita majina matatu.

Mama alikuja akiwa amelowa, kwa miguu kutoka Qurus, maana baiskeli yake haikuwa na pedeli.

"Magoti?"

"Hayaumi."

Akanifuta uso kwa ncha ya kanga. Baba alikuja nyuma yake. Aliiokota ile baiskeli, akaifuta siti kwa kiganja, kisha akavusha mguu na kukaa. Soli ya buti lake ilitua chini yote. Mgongo ukalala vizuri, mikono ikafika kwenye usukani bila kujivuta. Utadhani alishonewa. Baba alikuwa hajawahi kumiliki baiskeli maisha yake yote, na pale kwenye matope nikaona kwamba aliyepimwa siku ile hotelini alikuwa yeye, na hata mwenyewe alikuwa hajui. Alianza kushuka haraka, kwa aibu.

"Panda tu, baba," nikasema. "Nenda nayo."

Alitangulia, akiyumba kidogo. Mimi na mama tukamfuata kwa miguu hadi Qurus, na hatua zetu zilikuwa sawa.