Maduara Mawili kwenye Mizani ya Kigwena

Simu mpya ya mizani aliyokabidhiwa Sikujua Mulamba ilikuwa na maduara mawili tu kwenye kioo chake, jekundu juu na la kijani chini. Hapakuwa na neno lolote, wala picha, wala alama. Fundi aliyeileta kutoka Bujumbura, kijana mpole aitwaye Khalifa, ambaye ukoo wake una maduka ya vitambaa mjini kwa vizazi vitatu, alimweleza kwa utulivu namna ya kuiwasha, kuichaji kwa sola na kuingiza nambari ya kila mkulima. Alipofika kwenye maduara alitabasamu.

"Hapa sina la kukufundisha, Mama Bora. Hii inajieleza yenyewe."

Mama Bora ndilo jina ambalo Kigwena nzima humwita Sikujua, kwa kuwa binti yake wa kwanza ni Bora. Aliyatazama maduara, akakubali kwa kichwa. Naye aliona kwamba yanajieleza.

Ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa kambini, upande wa Kigoma, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka sabini na mbili, akasoma huko shule ya msingi hadi akaimaliza, akarudi Burundi mwaka elfu mbili na nane akiwa na watoto wanne na cherehani isiyo na pedali. Kwa miaka kumi na mmoja sasa amekuwa mpokeaji wa ngazi kwenye mizani ya ushirika wetu. Ngazi ni matunda ya mchikichi, yale tunayoyakamua mawese, na kuyapokea si kazi ya kusoma uzito peke yake. Mkungu mbichi una uzito mzuri lakini hauna mafuta. Sikujua huuinua mkungu na kuuangusha chini mara moja, kisha huhesabu punje zilizochomoka zenyewe. Huchukua punje moja, huikwaruza kwa ukucha. Mbichi ni nyeusi juu na kijanikijani kwenye kitako. Iliyoiva ni nyekundu kuanzia ganda hadi nyama. Kabla ya simu aliandika daftarini maneno mawili, "imepokewa" au "irudi", na hakuna mkulima aliyewahi kuuliza maana yake.

Jumanne alipokea mizigo arobaini na mmoja. Mzigo ulioiva, aligusa duara jekundu. Mzigo mbichi, aligusa la kijani. Kila mguso simu ililia kidogo na kumwomba mzigo unaofuata. Jioni alifungua orodha akaona safu ndefu ya vidoa vyekundu, kila mzigo na kidoa chake, akafurahi kwamba wakulima wa msimu huu wana subira ya kungoja ngazi ziive.

Jumatano asubuhi wakulima thelathini na watatu walifika mizanini wakiwa na simu mikononi. Kila simu ilikuwa na ujumbe uleule: mzigo wako umekataliwa, njoo uuchukue. Wakati huohuo wachemshaji, ambao hufuata orodha iliyochapishwa na kompyuta ya ofisi, walikuwa wamekwisha kuchemsha ile mizigo minane iliyobaki, yote mibichi. Mapipa yalitoa maji ya rangi ya chai na utando mwembamba wa mafuta.

Wa kwanza kusema alikuwa Jovita, mjane mwenye shamba upande wa Minago, ambaye hajawahi kusema kwa sauti ndogo.

"Weye Mama Bora! Ngazi yangu iko nyekundu kama pilipili, unaikataa? Mulirudi na Kiswahili kizuri, macho mukayaacha Kigoma?"

"Jovita, nimeipokea ngazi yako. Nimeigusa nyekundu mimi mwenyewe."

"Soma hapa basi, mwalimu! Imeandikwa 'nimeipokea'?"

Watu walicheka, si kwa wema. Sikujua alisoma ujumbe mara mbili. Hakujitetea tena. Alikwenda kwenye meza, akaishika simu ya ushirika, akaitazama kwa namna mtu anavyomtazama jirani aliyemwamini kwa siku moja zaidi ya ilivyostahili.

Mwenyekiti wetu, Ndayisaba, alimpigia Khalifa. Kabla ya saa sita taarifa ya fundi ilikuwa imefika, nayo ilikuwa fupi: programu inafanya kazi vizuri, tatizo ni kosa la mtumiaji. Kijani ni kupokea, nyekundu ni kukataa, kama ilivyo duniani kote. Ndayisaba aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Kisha akasema kwamba Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, kutakuwa na kikao, na kwamba mizani itafungwa hadi siku hiyo, kisha itakabidhiwa kwa Zabroni, mpakiaji mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, kwa sababu Zabroni ana diplome ya lycée, yaani cheti cha sekondari.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wetu kikaoni tuliogopa kulisema. Programu ile awali ilikuwa na maneno. Khalifa mwenyewe alituambia siku ya kuizindua kwamba aliagizwa na wakubwa wake ayaondoe, kwa sababu watumiaji ni watu wa mashamba na huenda hawasomi. Hakuna aliyemuuliza Sikujua kama anasoma. Walimwondolea maneno anayoyajua, wakampa rangi wanazozijua wao, kisha wakaandika kwamba kosa ni lake. Hiyo ni dharau, hata kama imefanywa kwa tabasamu.

Lakini Sikujua hakukasirika kwa namna hiyo. Kilichomshika kilikuwa swali. Alimwomba Ndayisaba amwachie simu hadi Jumamosi.

"Ya nini tena? Hujaharibu ya kutosha?"

"Sitaandika kitu, Mwenyekiti. Nataka kujua hiyo 'duniani kote' iko wapi."

Alhamisi alipanda pikipiki hadi Rumonge, akiwa na simu na lile daftari lake la zamani. Alianzia mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kwa wauza samaki. Aliwaonyesha maduara bila kueleza lolote, akauliza: lipi ni zuri, lipi ni baya? Mwanamke wa kwanza, Kulthumu, hakungoja swali limalizike. Alichukua mukeke kutoka kwenye beseni, akafunua shavu la samaki kwa kidole.

"Tazama ndani. Nyekundu, amevuliwa leo. Ikibadilika ikaanza ukijani, mpe adui yako."

Wenzake kumi na wanne walisema vilevile. Wauza nyanya walisema nyekundu. Wachemsha mawese karibu na soko walisema nyekundu, tena walimshangaa kwa kuuliza. Sikujua aliandika kila jibu, na kwa kuwa ni mtu mwadilifu hakuishia kwa waliomuunga mkono. Alivuka barabara hadi kwenye kituo cha pikipiki.

"Kijani ni nzuri, Mama," alisema dereva mmoja. "Nyekundu ni kadi. Refa akikuonyesha, unatoka uwanjani."

"Na wewe mpira ndio unakufundisha rangi?"

"Sasa kama si mpira, ni samaki?"

Wakacheka wote, naye akacheka. Madereva kumi na mmoja walisema kijani, wawili nyekundu. Wauguzi watatu wa zahanati walisema kijani. Fundi cherehani alisema, "Inategemea shughuli." Sikujua aliliandika jibu hilo na kulipigia mstari, kwa sababu lilikuwa la kwanza kumfanya aache kufikiria nani yuko sahihi.

Ijumaa alimtafuta Zabroni. Alimkuta karibu na ghala akifunga magunia, akampa simu kama alivyowapa wengine.

"Zabroni, mwanangu, lipi ni zuri?"

Zabroni aliisogeza simu karibu, akaipeleka kwenye jua, akairudisha kivulini.

"Mama Bora, unanitega? Ni kwa sababu ya Jumamosi?"

"Sikutegi. Jana nimewauliza watu hamsini na watatu."

"La juu," alisema.

"Lina rangi gani?"

Zabroni alitazama nyuma yake, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye huyaona yote mawili kuwa na rangi moja, kama matope ya mtoni. Tangu utotoni. Nyanya huzinunua kwa kuzibonyeza. Ngazi huijua kwa punje zinazodondoka, na ndiyo maana hajawahi kukosea kupakia. Shuleni alipigwa kwa kuchora majani mekundu, akajifunza kutazama jina lililoandikwa kwenye penseli.

Sikujua aliketi juu ya gunia. Kwa muda alisahau kabisa habari ya kazi yake.

"Na damu? Damu unaionaje?"

"Nyeusinyeusi."

"Na bendera yetu?"

"Naona nyeupe ile inayokatiza. Hizo nyingine najua tu ziko wapi."

"Mungu wangu. Na hakuna anayejua?"

"Mama yangu tu. Mama Bora, nakuomba, usiwaambie. Nimengoja kazi hii miaka minne."

Zabroni alikuwa mikononi mwake sasa. Neno moja kikaoni lingetosha: huyu mnayemweka badala yangu haoni tofauti. Sikujua akamwambia, "Sitakutaja." Akaandika daftarini: mtu mmoja, rangi zote sawa. Hakuweka jina.

Jumamosi kikao kilifanyika ghalani. Khalifa alikuja mwenyewe. Sikujua alisimama na daftari, akasoma majibu yote, pamoja na yale ya madereva yaliyompinga, hadi akafika kwenye mstari ule wa mwisho.

"Watu hamsini na wanne wa pwani hii," alisema. "Thelathini na wanane nyekundu. Kumi na wanne kijani. Mmoja akasema inategemea shughuli. Mmoja hakuona tofauti. Fundi, umeandika kwamba nimekosea. Hawa thelathini na wanane nao wamekosea?"

"Mama, nakuheshimu," alisema Khalifa. "Lakini hayo ni mazoea tu. Mutu anafundishwa siku moja, anakariri: la chini ni kupokea."

"Ndiyo maana tunamweka kijana aliyesoma," Ndayisaba alidakia. "Zabroni, Jumatatu unaanza. Tumalize."

Jovita alipaza sauti kutoka nyuma: "Huyo asiyeona tofauti ni nani? Na yeye ni wa Kigoma?"

Sikujua alifunga daftari. "Jina lake si la kikao hiki."

"Basi hayupo! Umemtunga!"

Kelele zilipanda. Ndayisaba alikuwa ameanza kusema kwamba daftari lenye mtu mmoja wa kubuni ni daftari la kubuni lote, ndipo Zabroni aliposimama. Nilimwona akifuta viganja vyake kwenye suruali.

"Hakumtunga. Ni mimi."

Ndayisaba alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye.

"Fundi anasema nikariri la chini," Zabroni aliendelea. "Nitakariri. Lakini nikifungua orodha ya jana, kila mzigo una kidoa kimoja tu. Hakuna juu wala chini. Nitajuaje?"

Khalifa aliitoa simu yake mfukoni, akagusagusa mipangilio hadi kioo chote kikawa cha kijivu, akafungua programu yake mwenyewe. Aliitazama orodha kwa muda mrefu. Vidoa vyote vilikuwa sawasawa. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitazama kazi yake kama mgeni.

"Iko watu wanaozaliwa hivyo," alisema taratibu. "Wanaume hasa. Nilifundishwa chuoni. Nilifundishwa kabisa." Akamgeukia Sikujua. "Mama Bora, wewe ungeweka nini?"

"Maneno uliyoyaondoa uyarudishe. 'Pokea' na 'Rudisha'. Na kwa asiyesoma, chora. Mkungu na punje zimedondoka chini, huo umeiva. Mkungu usiodondosha kitu, huo mbichi. Hapa hakuna asiyejua hilo, hata Zabroni. Orodhani nako weka vilevile."

"Na rangi?"

"Rangi weka unayoipenda. Isiachwe ifanye kazi peke yake tu."

Khalifa alichora mikungu miwili kwenye karatasi. Wa kwanza ulifanana na kuku, na Jovita ndiye aliyemnyang'anya kalamu na kuuchora upya, akimwambia kwamba mtoto wa duka hawezi kuujua mkungu. Fundi aliomba wiki mbili. Hadi hapo, ilikubaliwa, mizani ingerudi kwenye daftari, na daftari kwa mwenye kuliandika. Kuhusu Zabroni, Ndayisaba alianza kusema kwamba hali yake sasa inabidi iangaliwe upya hata katika upakiaji.

"Iangaliwe nini?" Sikujua aliuliza. "Amepakia miaka minne. Nionyeshe gunia moja alilokosea."

Kisha akaomba msaidizi wa mizani, jambo ambalo ushirika ulikuwa umemnyima misimu mitatu mfululizo, akamtaka Zabroni. Wakulima waliinua mikono kabla mwenyekiti hajaita kura.

Watu walipoanza kutawanyika, Sikujua alikuwa bado amesimama mbele ya meza ya fundi.

"Bado kitu kimoja. Ile taarifa."

"Mama, programu si tunaibadilisha?"

"Programu unaibadilisha. Na kosa la mtumiaji limebaki limeandikwa. Mtumiaji ni mimi."

Khalifa alimtazama, akaona kwamba hataondoka. Akafungua kompyuta yake.

"Niandike nini?"

"Andika kwamba mpokeaji alijua ngazi iliyoiva, na kwamba programu haikumuuliza kwa lugha inayoeleweka."

Aliandika. Sikujua alizunguka meza, akainama, akasoma kila neno, akamwomba aongeze tarehe. Kisha akangoja, mikono nyuma, hadi alipoiona ikitumwa.

"Murakoze," alimshukuru kwa Kirundi, akaenda kufungua mizani.