Waya wa Mkungu

Kwa miaka minane Thoya, karani wa ghala moja Shimanzi, alilea mkungu ndani ya chungu kipana juu ya paa lake, Mji wa Kale. Majirani walimcheka: mtu mzima anafuga mti kama kuku! Hakuwajali. Alipunguza mizizi ili mti ubaki mdogo, akapogoa, akayazungushia matawi waya yajipinde atakavyo. Majani yalipopukutika kila mwaka, ndipo alipoiona kazi yake.

Waya ukisahauliwa humezwa na gome. Aliyekumbuka ni mkewe, Sidi. Kila Jumapili alipitisha ukucha chini ya waya, na ukikwama humwita mumewe: “Baba Mercy, mti unaumia.” Thoya huacha kila kitu akapanda mbio.

Kisha Sidi akalazwa. Ugonjwa wa siku nyingi, daktari alisema. Mbona hamkuja mapema? Hakumaliza mwezi.

Masika yote Thoya hakukanyaga juu. Mvua ndiyo iliyounywesha mti. Alipopanda, aliukuta umenenepa. Alipitisha ukucha kama alivyofanya Sidi, asipate pa kuupenyeza. Waya ulikuwa umezama, gome limeufunika.

Akaketi, koleo la kukatia waya mkononi. Miaka minane mwanamke yule alimwambia mti unaumia. Naye hakumuuliza hata siku moja: na wewe, Mama Mercy, waumia wapi?