Wivu wa Jumaa na Hamira Iliyokwenda Embu

Jua limeshapanda juu ya msikiti wa Majengo, mjini Meru, na Jumaa Idrisi anatoa mikate ya mwisho tanurini. Jicho moja liko kwenye mikate. La pili liko ng'ambo ya njia, kwa Rahema muuza maandazi.

"Yule wa kofia alikuwa mteja wangu," anasema. "Na huyo mama pia."

Mwokaji huyu ana wivu, wala haufichi. Miaka mingi aliumua mikate kwa hamira aliyoilea mwenyewe chunguni, akiilisha unga kila siku. Jirani akiomba donge, hapa Majengo hanyimwi, ni aibu. Jumaa alitoa. Ila kwanza aliliweka mdomoni mwa tanuri, hamira ife.

"Mtu anaondoka na shukrani, mimi nabaki na mkate wangu."

Mwaka jana alikuja Hezekiah Ndambiri, mhudumu wa maabara moja ya Embu, akitafuta hamira. Wataalamu wake huichanganya na unga wa wimbi au mahindi. Unga wenye vitamini nyingi huifanya itoe hewa nyingi, na hivyo ndivyo wanavyoujua unga bora. Wanatafuta uji utakaowafaa watoto wa vijiji vilivyozungushiwa handaki tangu Waingereza watangaze Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau.

Jumaa akampa donge. Nalo lilipitia tanurini.

Kisha askari wakaja kufagia Majengo, wakizoa washukiwa. Jumaa alikaa kambini wiki tatu akihojiwa. Aliporudi, chungu kilikuwa kimeota ukungu mweusi. Akabisha kila mlango, na hakuna aliyekuwa na hamira yake hai.

"Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe," anasema, akijicheka.

Tangu hapo mikate yake ni bapa kama kigae, na wateja wamevuka njia kwa Rahema.

Asubuhi hii Hezekiah amerudi, na chupa mkononi.

"Mzee, wewe uliichoma hii kitu," anamwambia mbele ya watu. "Nje yote ilikuwa imekufa. Katikati ya donge tukapata kidogo yenye uhai, tukaikuza. Nimekuletea."

Jumaa anaipokea kwa mikono miwili. "Huko inakaa wapi?"

"Kwa kabati yenye joto. Inakula sukari."

"Sukari? Mimi nakunywa chai bila sukari. Tena ilikwenda Embu kwa gari la serikali bila kuulizwa pasi, na mimi kufika Chuka tu ni mpaka niombe ruhusa."

Rahema amevuka njia na bakuli. "Kaka Jumaa, nami nigawie. Ambayo haijaota moto."

Watu wanacheka. Jumaa anachanganya hamira na unga, anakata donge, analitazama tanuri. Donge analitia bakulini likiwa baridi.

"Nikikamatwa tena, nitajua pa kubisha," anasema, macho yakilifuata bakuli hadi ng'ambo.

Mpango wake sasa ni kuomba pasi ya kwenda Embu, akalione kabati hilo.

"Nataka nihakikishe," anasema, "hawajamgawia mwokaji wa huko."