Kalavati Nambari Kumi na Nne

Kama hujawahi kusafiri na fundi zege kando ya bahari, hujui maana ya kuchoshwa. Upande wa kushoto maji yametanda, buluu mpaka macho yanauma, mawimbi yanapasuka kwenye miamba chini kabisa. Shemeji yangu anaonyesha upande wa kulia.

"Mnauona ule ukuta? Unazuia mlima usitumwagikie. Wiki saba, ule."

Dada yangu, mkewe, alikaa mbele, kakunja mikono kifuani. Asubuhi alikuwa amevaa gauni lake la kijani, nikamcheka, nikamuuliza kama anakwenda kuchumbiwa, akaniambia nifunge mdomo. Mimi nilikuwa nyuma na binti yao wa miaka sita. Alishatapika mara mbili kwenye mfuko, na sasa alikuwa anahesabu makalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Baba yake alimwonyesha kwamba kila kalavati lina nambari yake kwenye kijiwe cheupe.

Nisiwafiche, sikumpenda shemeji. Miaka sita alijenga barabara hii, akilala kambini, akija nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni, viatu vimeganda saruji. Mtaani walimwita Bwana Kalavati, naye, maskini, alidhani ni sifa. Dada alihama nyumba bila yeye. Alimpeleka mtoto shule bila yeye. Alimzika mtoto wao wa kiume bila yeye. Barabara ilipokwisha, mume akarudi moja kwa moja na sanduku lake la bati, na dada akagundua kwamba anaishi na mtu asiyemjua. Akamwambia wazi: Jumatatu narudi kwa wazazi wangu, na mtoto naondoka naye. Masanduku tulifunga pamoja, na nilifunga kwa moyo mmoja.

Shemeji hakubisha. Aliomba Jumamosi tu.

"Twende nikuonyeshe kitu barabarani," alisema. "Ukishakiona, ukitaka kwenda, nenda."

"Ngoja nifikirie."

"Zege halilali, mke wangu." Ndilo lililokuwa neno lake kwa kila jambo, hata chai. Jioni hiyohiyo akaazima gari la kaka yake.

Mtoto aliyezikwa tulimwita Babu, kwa sababu alirithi jina la babu yake na pia upara wake. Homa ilimchukua tarehe tisa mwezi wa nne, ana miezi kumi na moja. Shemeji alifika tarehe kumi na mbili, udongo wa kaburi umeshakauka. Alisema kambini hakukuwa na mtandao, habari zimemkuta jana yake. Sisi ndugu tulimsema sana, mimi wa kwanza. Dada alikuwa akitukatiza kila mara: "Angejua, angekuja." Miaka mitatu aliishi kwa maneno hayo mawili, na sikuwahi kumwona akiyatilia shaka.

Basi tukaenda. Tulipita mahali pazuri ambapo magari husimama na watu hupiga picha. Dada akasema angependa kunyoosha miguu. "Mbele kidogo," alisema shemeji, na jasho lilikuwa linamtoka ingawa madirisha yote yalikuwa wazi. Akaongea zaidi. Mifereji, kokoto, mteremko wa maji. Nilimwona kwenye kioo jinsi anavyomtazama mkewe kila baada ya sentensi, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Alikuwa anamwaga kila alichokuwa nacho, na hakuwa na kingine.

"Kumi na nne!" alisema mtoto.

Shemeji akasimamisha gari. Akamfungulia dada mlango, jambo ambalo sijapata kuliona, akamshika mkono wateremke kwenye nyasi hadi mdomo wa kalavati. Mimi nilitangulia na mtoto, kwa ubishi tu, nijue ni kitu gani hicho.

Ukutani, juu ya tundu, palikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa msumari zege likiwa bichi. PUMZIKA BABU. MIMI BABA YAKO. Na chini yake tarehe: tisa, mwezi wa nne.

Niliisoma mara mbili. Dada alikuwa hatua kumi nyuma yangu, anakuja polepole kwa sababu ya viatu vyake. Ningeweza kusema kuna nyoka. Angerudi mbio, anaogopa nyoka kuliko kitu chochote. Nilisogea pembeni, nikampisha.

"Kila siku nilipita hapa kumsalimia," shemeji alikuwa anasema. "Unaniambia nilikuwa mbali nanyi. Hapa ndipo nilipo..."

Dada aliweka kidole kwenye ile tisa.

"Ulijua siku hiyohiyo."

Shemeji aliangalia ukuta kama vile umeandikwa na mtu mwingine. Naapa hakuwa amelifikiria. Kwa fundi zege, tarehe ni kitu unachoandika kila unapomaliza kumwaga.

"Saa ngapi?" aliuliza dada.

"Saa nne asubuhi. Dereva wa lori la mchanga ndiye aliyeniletea habari; alikuwa anarudi mjini, akaniambia nipande." Alijifuta uso. "Zege lilikuwa limeshachanganywa. Nikasema nimalize hili. Halafu nikasema nimalize la pili. Niliogopa, mke wangu. Niliogopa kumwona."

"Saa nne nilikuwa bado nimempakata," alisema dada. "Walitaka kumchukua, nikawakatalia. Nikawaambia baba yake yuko njiani."

Hakulia wala hakupaza sauti. Alipanda hadi garini, akakaa nyuma, nami nikakaa karibu yake. Mtoto akahamia mbele, amefurahi. Njia nzima ya kurudi alimsomea baba yake nambari kinyumenyume, kumi na tatu, kumi na mbili. Bahari sasa ilikuwa upande wangu, inang'aa, na nilitamani mtu aizime.

Tulipofika kalavati la tano, dada aliniinamia sikioni.

"Asubuhi nilishaanza kutoa nguo kwenye sanduku," alisema. "Nilitaka kumwambia jioni. Tukifika, nisaidie kuzirudisha."