Mkia wa Gari la Daktari

Niseme mapema kwamba gari lile sikulipenda tangu siku ya kwanza, na mpaka leo nikiliona limefunikwa turubai lake pale Randburg, Johannesburg, damu inanichemka. Watu wakisikia gari la mbio la Kimarekani wanadhani ni raha tupu. Raha ya nani? Milango haina vishikio vya nje. Viti viko chini mno, ukikaa unahisi makalio yanakwaruza lami. Mabomba ya eksozi hayapiti nyuma kama ya magari ya watu wenye akili, yanapita ubavuni, chini ya mlango, pale pale unapotua mguu ukishuka. Wiki ya kwanza niliungua muundi mara mbili. Mara ya pili nililipiga tairi teke kwa hasira nikaumia na kidole.

Lilitoka kwenye kiwanda kidogo huko kwao, kinachounda gari moja moja kwa oda. Ukilivua bodi hukuti chasisi ya kawaida, unakuta mabomba ya chuma yaliyochomelewa kwenda juu na chini kama kichanja cha vyombo. Injini ni kubwa, silinda nane, imesukumwa nyuma hadi karibu ya magoti ya dereva ili uzito ugawanyike sawa mbele na nyuma. Hakuna kompyuta ya kukusaidia breki. Usukani mgumu. Hakuna redio, hakuna zulia, hakuna hata mahali pa kuweka chupa ya maji. Aliyelichora alifuta kila kitu ambacho hakisaidii kukimbia, na nadhani alianza na starehe ya abiria.

Mwenye gari alikuwa daktari wa meno mstaafu. Nyuma ya nyumba yake alijenga karakana safi kuliko jiko la mke wangu, na humo alituajiri wawili. Mmoja fundi mitambo, Mkongo wa Bukavu, mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole vinene vinavyoweza kushika skrubu ndogo kama punje ya mtama. Mwingine mimi, mzaliwa wa Kigoma, fundi wa faibaglasi. Mkongo ndiye aliyenitafutia kazi ile. Nilikuwa nimekaa mtaa wa Yeoville miezi minane nikishindia chai, naye tulifahamiana kanisani tu, lakini alikwenda akamwambia daktari kwamba anamjua mtu mwenye mikono. Aliniita petit, yaani mdogo wake, nami nikamwita kaka.

Basi daktari akaenda kwenye uwanja wa mbio kaskazini ya mji, kwa sababu gari lile haliruhusiwi barabarani. Kwenye kona moja akakanyaga mafuta kabla ya wakati, likazunguka, likaingia ukutani kinyumenyume. Yeye alitoka mzima, anacheka. Mkia wote, kuanzia nyuma ya milango mpaka mwisho, ulivunjika vipande. Aliandikia kiwanda, wakamjibu kwamba asubiri zaidi ya mwaka mmoja. Ndipo akaniita akaniuliza kama naweza kuutengeneza. Nikasema naweza. Ni kweli niliweza, hilo hakuna anayebisha.

Nilikusanya vipande nikaviunga kwa gundi na tepu, nikapiga pasta ya kuziba nyufa, nikapiga msasa siku kumi na mbili mpaka umbo likarudi, kisha nikatoa kalibu juu yake, ile fomu ya kufinyangia mkia mpya. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipopima unene wa vile vipande vya zamani. Nilishtuka. Vilikuwa vyembamba hata ukivishika kwenye dirisha unaona mwanga. Nilikasirika kabisa, nikamwambia Mkongo kwamba hawa Wamarekani wamemuuzia mzee wa watu ganda. Alicheka akasema labda wana sababu yao.

Mimi nilijifunzia kazi Kigoma, kwenye boti za abiria. Kwa fundi wangu kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna mteja aliyeiona kwenye oda. Ukishamaliza matabaka ya faibaglasi yaliyoagizwa, unaongeza moja, tunaliita tabaka la abiria. Halilipiwi wala halitajwi. Ni la wale watakaopanda, ambao hawakuulizwa boti iwe na unene gani. Na ndani, pasipoonekana, unalaza mbavu za mbao na kuzifunika. Niliona boti za mafundi wengine zikipasuka kwenye mawe, za kwetu hazikupasuka. Mtu aliyefundishwa hivyo huwezi kumpa matabaka mawili ukamwambia amemaliza. Mikono inakataa.

Kwa hiyo niliongeza tabaka la abiria. Halafu, kwa kuwa gari lile lilishapiga ukuta mara moja, nikaongeza na la pili, nikalaza mbavu nne ndani. Sikumwambia mtu. Siku ya kuupandisha mkia tuliuinua wawili, mimi huku Mkongo kule, akaguna akasema mbona mzito. Nikamjibu rezini bado haijakauka vizuri. Sijui kwa nini nilisema vile, kwani ilishakauka siku tatu nyuma.

Naye alikuwa na kazi yake huko huko nyuma. Ukuta ulikuwa umepindisha ekseli, hivyo alishusha difu, ile gia kubwa inayozungusha matairi ya nyuma, akabadilisha beringi, akairudisha. Kwa hiyo sehemu ya nyuma ya gari ilipitia mikono ya watu wawili tu.

Jumapili iliyofuata daktari alitupeleka uwanjani tukalione likikimbia. Alikuwa amebeba karatasi ya kiwanda yenye namba za nguvu na kasi, na alikuwa amewaalika rafiki zake. Kwenye njia iliyonyooka gari lilinguruma mpaka kifua kikatetemeka, lakini halikufika namba za karatasi. Mkongo alimweleza kwa upole kwamba zile zilipimwa huko kwao, karibu na usawa wa bahari, na hapa Johannesburg tuko juu, hewa nyepesi, na injini isiyo na taabo ya kuisukumia hewa haishibi. Daktari alisikiliza, akakubali nusu. Tatizo likawa kwenye kona. Kila kona mkia ulikuwa unateleza kutoka nje ya njia, yeye anaurudisha, unatoka tena. Gari dogo la Kijapani la rafiki yake, la kwendea sokoni, likampita mbele ya watu wote. Alirudi amevua helmeti, uso mwekundu. Mimi nilishaanza kuhesabu matabaka yangu kichwani.

Jumatatu alileta mizani nne bapa, akatuamuru tusukume gari juu yake, kila tairi na mizani yake. Akasoma, akajumlisha kwenye karatasi, akasoma tena. Gari lilikuwa limezidi kilo thelathini na moja, na zote zilikuwa nyuma.

Hapo ndipo angetakiwa kuuangalia mkia. Lakini mkia ulikuwa unang'aa. Jana yake alikuwa ameupapasa mbele ya rafiki zake akiwaambia umetengenezwa kwa mkono, na kwamba huyu bwana hapa ana kipaji, na mimi nimesimama nikitabasamu kama bibi harusi. Akamgeukia Mkongo. Akamuuliza kwa sauti ya chini, ile ya madaktari, difu iliyomo humo ni difu gani. Ya asili ni ya alumini, alisema, nyepesi na adimu, na amesikia visa vya mafundi wanaotoa kitu cha thamani na kuweka cha chuma cha bakkie, pikapu ya shamba.

Hakusema neno wizi. Hakukuwa na haja.

Mkongo alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Sawa, Daktari. Nitaishusha, utaiona kwa macho yako."

Hapo palikuwa na nafasi ya mimi kusema. Ilikuwa nafasi pana kabisa, hata lori lingepita. Ningesema ni mkia, kosa ni langu, niliuzidisha unene. Maneno hayafiki kumi. Nilikaa kimya. Nikitafuta sababu nazipata nyingi: kodi ya nyumba, ile miezi minane ya chai, woga. Lakini nikiwa mkweli, kilichonifunga mdomo ni zile sifa. Sijawahi kusifiwa katika mji huu, na nilisikia utamu wake nikashindwa kuutema.

Jumanne yote na nusu ya Jumatano Mkongo alikuwa chini ya gari. Ile si kazi ya kurudia kwa furaha. Nafasi ni finyu, kila nati iko nyuma ya bomba lingine, na yale mabomba ya eksozi aliyochora mwendawazimu yanakuzuia kuingiza mkono. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nikawa namshikia taa ya betri. Nililala chali kando yake, bega kwa bega, nikimulika alipotaka. Aliniomba spana namba kumi na saba, nikampa. Aliniomba maji, nikampa. Mara moja mafuta machafu yalimdondokea jichoni, nikamfuta kwa kona ya shati langu. Alinishukuru. Muda wote ule nilikuwa najisemesha: sema sasa, hayupo mtu, mwambie yeye kwanza. Halafu ningemulika mahali pengine. Nilikuwa najichukia, na kwa kuwa kujichukia kunachosha, nikalichukia gari.

Difu ilishuka. Ilikuwa ya alumini, namba zake zikalingana na karatasi. Mkongo aliiweka kwenye mizani, ikatoa uzito ule ule ulioandikwa na kiwanda. Alisimama wima kando yake akingoja. Nami nilingoja. Nilidhani daktari atamwomba radhi na jambo litaisha, nami nitapona.

Daktari aliikagua ile difu pande zote. Kisha akasema basi itakuwa springi, au tangi la mafuta, na kesho vishushwe navyo vyote, kimoja kimoja, na yeye mwenyewe atasimama hapo akiangalia.

Usiku ule sikusema hata na mke wangu. Asubuhi ya Alhamisi, Mkongo alipokuwa anavuta jeki kuelekea nyuma ya gari na daktari amekaa kwenye kiti chake akiangalia, nikasema. Sikusema vizuri. Nilikaribia kupiga kelele, kana kwamba wao ndio walionikosea. Nikasema ni mkia, ni matabaka mawili ya ziada na mbavu nne, nimeziweka mimi, mwacheni huyu mtu apumzike.

Daktari aliinama akaingiza mkono ndani ya mkia, akazipapasa zile mbavu. Halafu akacheka. Alicheka kwa kweli, akanipiga bega, akasema nimemjengea meli. Akasema nitoe mwingine mwembamba kwenye kalibu ile ile, niwe na adabu safari hii. Hakukasirika hata kidogo. Kosa langu lilimfurahisha, atakuwa na cha kuwasimulia wenzake. Kisha akamwambia Mkongo airudishe difu kabla ya Jumamosi, akaingia ndani kunywa kahawa. Radhi hakuomba. Nadhani hata haikumjia kichwani kwamba kuna kitu cha kuombewa radhi.

Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Usiku kucha nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na kufukuzwa kungekuwa heshima kidogo.

Mkongo aliirudisha difu. Aliifunga kama kawaida yake, kila nati kwa kipimo chake, akajaza oili, akapangusa. Ilikuwa Ijumaa mchana alipomaliza. Kisha akaanza kupanga spana zake kwenye sanduku lake, kubwa kwa ndogo, na nilipoona anachukua hata kile kikombe chake cha bati nikajua. Nikamwambia kaka, usiondoke, nitakwenda kumwambia akuombe radhi. Akasema daktari ni mgeni kwake, hana neno naye, mtu asiyekujua anaweza kukuita lolote.

Nikamwambia nisamehe, basi. Nikamwambia nilitaka kusema tangu Jumatatu.

Alifunga sanduku, akalibana komeo zote mbili.

"Petit, mimi nilijua tangu tulipouinua ule mkia," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Yeye angeweza kusema Jumatatu ile ile, neno moja tu, akajiokoa. Alikwenda kulala chini ya gari siku moja na nusu ili aniachie mimi nafasi, na mimi niliitumia kushika taa.

Sanduku lile ni la chuma, lina spana za miaka ishirini, mtu mmoja halibebi mbali. Aliniangalia, akanionyesha mkono wa pili wa sanduku. Tukalibeba pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukapita mbele ya dirisha la daktari, tukatoka getini, tukashuka mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, ambako teksi zinasimama. Tulipumzika mara mbili njiani. Teksi ilipofika tulilipandisha, akaketi kando yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanipa randi kumi ya kubebewa mzigo, akafunga mlango.