Paleti Nyeusi za Mjomba

Mashine iliyokuja kumwondoa mjomba wangu kazini haikuwa na macho, na mimi ndiye niliyetumwa kuichagulia.

Mjomba ndiye aliyenilea, nyumbani kwetu Mji wa Kale. Miaka yote hiyo aliendesha foklifti katika ghala la vigae vya sakafu huko Mbaraki, na foklifti hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikawa fundi wa mitambo inayojiendesha. Halafu tajiri wake, mzee wa Kihindi asiyepandisha sauti hata akiudhika, akanunua roboti ya kubeba paleti, yale majukwaa ya mbao yanayopangwa mizigo juu yake. Kampuni yangu ikapewa kazi ya kuifunga. Nilijaribu kukataa, mkubwa wangu akaniuliza kama nimechoka kuajiriwa.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Ijumaa ikifika roboti inafanya kazi, itabaki, na mjomba atakwenda nyumbani. Ikishindwa, itarudishwa kwa aliyeiuza, na mjomba atabaki kwenye usukani wake. Yeye alijua, mimi nilijua, na wiki nzima tulikula chakula sinia moja bila kulitaja.

Vihisi, yaani vile vidude vinavyoiambia mashine kuna nini mbele yake, vilikuwa viwili. Kimoja hutupa mwanga na kungoja urudi. Cha pili hutoa sauti tusiyoisikia na kungoja mwangwi wake, kama afanyavyo popo. Nilivijaribu ofisini kwa paleti mpya, mbao zake nyeupe bado zikinukia, na cha mwanga kikashinda kwa mbali. Hicho ndicho nilichokifunga kwenye roboti. Cha popo nikakiacha ndani ya boksi lake, nikajiona mjuzi kweli.

Jumatatu roboti ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye paleti ya kwanza, haikuiona, ikaisukuma kwa uma zake hadi maboksi mawili ya vigae yakaanguka na kuwa changarawe. Jumanne ikafanya vivyo hivyo. Nikalaumu vumbi, nikalaumu jua la mlangoni, nikalaumu chumvi ya hewa ya Kilindini. Nilisugua kioo cha kihisi kwa ncha ya mtandio wangu mpaka nikaogopa kukitoboa. Wapakizi walikaa juu ya maboksi wakinitazama.

"Dada, mnunulie miwani," mmoja akaniambia.

Nitasema ukweli. Kila ilipogonga, moyo wangu ulishukuru kwanza, aibu ikaja baadaye. Nilitaka ishindwe, na nilitaka asiseme mtu kwamba mimi ndiye niliyeshindwa. Mtu mzima na akili zake, nataka vitu viwili vinavyokataana, na sina uwezo juu ya hata kimoja.

Jumatano tajiri alikuja na wanawe. Akavitazama vigae vilivyovunjika, kisha akaniambia taratibu, mbele ya watu wote, kwamba pengine ingekuwa bora wangeletewa fundi mwanamume. Hakuna aliyecheka. Mjomba alikuwa juu ya foklifti yake, ameizima.

Siku hiyo baada ya swala ya alasiri alinikuta barazani, akaketi na kikombe chake cha kahawa.

"Mwanangu, zile paleti nlizipaka oili mimi," akasema. "Oili chafu ya gereji, mara tatu kila moja, mchwa wasizile. Hukuona zilivyo nyeusi?"

Nilikuwa nimeziona. Zimekuwa nyeusi tangu nikiwa mtoto nikimpelekea chakula, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Mwanga wako wanywewa na ule weusi," akaendelea. "Haurudi. Hicho cha popo ulichonieleza hakijali rangi. Kitie hicho."

"Umejua tangu lini, mjomba?"

"Tangu Jumatatu."

"Basi mbona waniambia leo?"

Alikizungusha kikombe mkononi. "Kwani mimi sikusikia alivyokwambia?"

Nikamwambia sitakitia. Nikamwambia Ijumaa itapita tu, nami nitatafuta kazi pengine. Aliniacha nikamaliza.

"Utakitia," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akinipeleka nayo chuoni kusoma Kurani nilipokuwa nikilia mlangoni. "Sikukulea uje udharauliwe mbele ya wapakizi."

Ningefanya nini? Nikikitia, namtoa kazini kwa mikono yangu. Nisipokitia, namtupia usoni kitu alichonipa. Sijawahi kujiona mdogo vile. Alhamisi nikakifunga kihisi cha popo, kwa spana aliyoniazima kutoka kisanduku cha foklifti yake, na machozi yalinizuia kuona skrubu.

Ijumaa asubuhi tajiri na wanawe walisimama mlangoni. Roboti ikaanza kwenda. Mjomba, kwa mazoea tu, alisogea kando ya paleti akainua mkono, kama anavyowaongoza madereva wa malori wanaorudi nyuma.

"Leta," akaiambia. "Leta, leta."

Roboti ilipunguza mwendo, ikaingiza uma chini ya zile mbao nyeusi bila kuzigusa, ikasimama pale pale ilipotakiwa. Kisha ikaunyanyua mzigo. Tajiri akapiga makofi, akaniita binti yake.

Mjomba alikuwa bado ameinua mkono. Hakuwahi kusema "hapo."